Kabari Chini ya Kiatu cha Nyuma

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo natamani kujizaba kofi. Nilikuwa nimesimama kwenye gereji ya Mzee Amirali, kaskazini mwa Toronto, miguuni nina viatu vigumu vya plastiki vya kuteleza kwenye theluji, na juu ya suruali ya kubana nimejifunga khanga mbili. Ndiyo, khanga. Mbili. Usicheke kwanza. Nikimaliza, ukitaka kucheka, cheka.

Mzee Amirali alikuwa Mhindi wa Tabora. Alizaliwa pale, akatengeneza cherehani pale, akaja huku miaka ya sabini na mke wake Bi Gulshan, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu mimi niliyezaliwa Singida. Tulikutana mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kwenye ghala la nguo kule Downsview, mimi nakunja mashati na kuyatia kwenye maboksi, yeye kaja kurekebisha mashine. Nilikuwa nailalamikia baridi peke yangu, kwa sauti. Nikasikia mtu nyuma yangu: "Binti, baridi ya huku haijui Kiswahili, usijisumbue." Nikageuka, nikamwona mzee wa miaka sitini na ushee, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia shikamoo pale pale na machozi yakanilengalenga. Mwaka mzima nilikuwa sijampa mtu shikamoo.

Yeye ndiye aliyenitia kwenye ubao wa kuteleza kwenye theluji. Alianza mwenyewe akiwa na miaka hamsini, kwa sababu, alisema, alikuwa amechoka kukaa dirishani miezi mitano kama mgonjwa. Hakupenda ule ubao mpana wa vijana wa kurukaruka. Alipenda huu mrefu mwembamba wa kuchonga theluji, unaoulaza ubavu mpaka mkono unakaribia kugusa chini, na nyuma yako unabaki mstari mmoja umepinda vizuri kama umechorwa kwa bikari. Mara ya kwanza nilipomwona akishuka, mzee wa watu, mvi zinachungulia chini ya kofia, nilipiga vigelegele mlimani watu wakageuka. Nilitaka kuwa vile. Tangu nitue Kanada sikuwa nimetamani kitu kwa moyo namna ile, ukiacha kazi yangu.

Na hiyo kazi uishike vizuri, maana ndiyo iliyokuwa roho yangu. Mimi ni muuguzi. Singida nilikuwa muuguzi, huku nikawa mkunja mashati. Nilisoma upya, nikafanya mitihani yao, na majira yale ya baridi hospitali moja ilikubali kunichukua kwa majaribio ya miezi mitatu, kuanzia mwishoni mwa Februari. Wodi ya wazee. Zamu za saa kumi na mbili, zote kwa miguu: kuinua mtu, kumgeuza mtu, kukimbia kengele ikilia. Kazi ile inataka magoti mawili mazima, na mimi nilikuwa nayo.

Sasa turudi gerejini. Kwenye ubao ule miguu yote miwili hutazama mbele, mmoja nyuma ya mwenzake, kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Hebu simama hivyo, kisha kunja magoti. Utaona kisigino cha nyuma kinataka kunyanyuka chenyewe, na mguu wa mbele nao unataka kuinua vidole. Lakini kiatu ni kigumu, na kimebanwa kwenye ubao na vile vishikizo vya chuma tunavyoviita baindingi. Hakinyanyuki ng'o. Kwa hiyo fundi huweka kabari chini ya baindingi, ya nyuma ikainua kisigino, ya mbele ikainua vidole. Huko ni kuinua. Halafu kuna kulaza: kabari ile ile ukiizungusha kidogo, kiatu kinalala upande wa ndani au wa nje, ili goti lielekee linakotaka kwenda. Kidogo, nasema. Unene wa sarafu mbili tatu, na goti linajua.

Na magoti hayafanani. Mimi nina matege. Matege mazuri tu, ya urithi, mama yangu anayo na bibi yangu alikuwa nayo. Nikibana visigino pamoja, ngumi inapita katikati ya magoti. Mtu wa namna hiyo ukimlazia kiatu ndani, unalivuta goti lake lisikotaka. Mzee alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tabu ni kwamba hakuwahi kuyaona matege yangu.

Angeyaonea wapi? Suruali ya mlimani ni pana kama gunia. Gerejini nilitakiwa nivae taiti ili alione goti. Mimi? Nisimame mbele ya mzee wa heshima, nyumbani kwake, mke wake yuko jikoni, nimevaa nguo imenishika kama ngozi? Thubutu. Nikajifunga khanga juu yake. Nikaona ya kwanza ni nyepesi, nikaongeza ya pili. Naye akaona haya kuniambia nizivue. Akapiga magoti na pimamaji yake, akapima ubao, akapima kiatu, akaitazama khanga, akakohoa.

"Sasa binti, goti mimi silioni," alisema. "Wewe ndiye utakayeniambia. Kabari ya nyuma nimeiweka iinue kisigino na ilale ndani kidogo, wengi huwafaa. Chuchumaa. Goti linavutwa?"

Nikachuchumaa. Lilivutwa. Upande wa ndani, pale pale, kama kuna mtu ameshika nyama kwa vidole viwili anaivuta taratibu.

"Hapana Mzee. Liko sawa kabisa."

"Una hakika?"

"Kabisa, Mzee. Asante sana."

Kha! Nilikuwa na akili gani mimi? Lakini hebu nielewe. Mtu amekupa viatu vya mke wake, amekupa ubao, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji na mgongo wake wa uzee, halafu wewe umwambie kazi yake ina kasoro? Sivyo nilivyolelewa. Kwetu ukienda ugenini ukapewa chai haina sukari, unakunywa na unasema tamu. Basi nami nikalichukulia goti kama chai.

Jumamosi sita, mwanangu. Sita! Kila Jumamosi tunapanda kile kiti cha kuning'inia kinachopandisha watu mlimani, na Mzee ananigeukia: "Goti?" Na mimi: "Zuri, Mzee." Natabasamu kabisa. Kisha nashuka kona tatu za kwanza kwa raha isiyo na kifani, na kuanzia ya nne kila kona ya kulia naiuma midomo. Jioni nikifika nyumbani, Crescent Town, natoka kwenye lifti nimeshika ukuta. Wanjiru, Mkenya niliyeishi naye, alikuwa ananitolea pakiti ya njegere kwenye friza niweke kwenye goti. "Ai, si umwambie tu huyo mzee?" alisema. Nikamjibu kwamba najikaza kisabuni, litazoea. Akanitazama. "Wewe ni nesi," alisema, "na unaniambia goti litazoea?" Nikamnunia siku mbili kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Tena nilikuwa najua. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Mgonjwa akiniambia haumwi huku anakunja uso, nilikuwa namkemea.

Jumamosi ya sita theluji iliganda ikawa ngumu kama sahani. Zilikuwa zimebaki wiki mbili nianze hospitali. Nikaulaza ubao kwenye kona ya kulia, goti likaingia ndani likaendelea kwenda, nikasikia kitu kimeachia. Sikupiga hata ukelele. Nilikaa kwenye theluji namtazama Mzee akipanda kwa miguu kutoka chini, anahema, ubao wake kautupa huko, na nilichokuwa nawaza ni wodi ya wazee.

Kano la ndani la goti lilikuwa limechanika nusu. Daktari akasema wiki nane, bila mjadala. Nikawapigia hospitali. Waliongea na mimi vizuri sana, kwa upole, na wakampa nafasi mtu mwingine. Nijaribu mwakani, walisema. Nililia mpaka Wanjiru akaacha kuninyamazisha, akakaa tu chini karibu yangu.

Mzee akaja na Bi Gulshan, wamebeba sufuria ya kuku wa nazi. Akakaa kwenye kiti, kofia mapajani, akalitazama goti langu limefungwa. Kisha akauliza polepole, "Ni kabari yangu?"

Mlango huo hapo, wazi, mwanangu. Mtu mzima ameniuliza uso kwa uso. Na mimi nikajibu nini? "Hapana Mzee, ni barafu tu. Bahati mbaya." Nikajiona mwema! Nikaona nimemtua mzee mzigo. Kufa na tai shingoni kwenyewe ndiko huko.

Zikapita wiki tatu hakuja. Akapiga simu Bi Gulshan, na sauti yake haikuwa ya kuniuliza hali. Mzee alikuwa amefungua kabati la gerejini, kabari zote na bisibisi zote kazitia kwenye boksi ili azigawe, na watu wawili waliokuja awatengenezee baindingi kawarudisha. "Chakula hali vizuri, hatoki," alisema. "Anasema amepima vizuri, ameuliza vizuri, na bado mtoto wa watu ameumia, basi mikono yake imekwisha. Neema, uliniambia mimi jikoni siku ile ya kwanza kwamba ni ubao wa ajabu, unafurahi. Kuna kitu hujasema?" Nikamwambia nakuja mwenyewe.

Kesho yake nikapanda mabasi mawili na magongo yangu, nimevaa taiti na khanga zile zile juu yake. Nilimkuta gerejini, amekaa kwenye kigoda, hafanyi chochote. Shikamoo, marahaba. Nikasema, "Mzee, liliuma tangu siku ya kwanza. Hapa hapa uliponiuliza."

Akasema, "Wiki sita?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nilikuuliza hapa. Nilikuuliza kwenye kiti, kila tulipopanda. Nilikuja mpaka kwako nikakuuliza."

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa hiyo wiki sita nilikuwa nakuumiza kwa mikono yangu mwenyewe, na wewe unaniambia asante."

Akasimama. Sijapata kumwona mzee yule na hasira kabla ya siku ile, na sauti yake ilipanda mpaka Bi Gulshan akaja mlangoni na upawa mkononi. "Nani kakufundisha kwamba hiyo ni heshima? Ilikuwa kazi ya dakika tano! Dakika tano na bisibisi moja! Fundi nguo akikubana kwapani unamwambia amebana, yeye anafumua, mnaendelea. Mimi ulinionaje? Mtoto mdogo, nikiambiwa nimekosea nitalia? Umenifanya nikutese, halafu ukanificha nisijue, na juu ya hapo nikakaa humu nadhani nimezeeka!"

"Nilikuheshimu, Mzee," nilisema, nalia.

"Hukuniheshimu. Ulinionea huruma. Mimi huruma sikuiomba."

Na Bi Gulshan naye, badala ya kunitetea, akadakia kutoka mlangoni. "Na hizo khanga! Mimi nina wajukuu saba na navaa taiti nikienda mlimani. Kama ulimwonea haya yeye, ungeniita mimi nitazame. Nilikuwa hapo jikoni, hatua kumi! Wote wawili hamna akili. Wewe unajifunika, na huyu anaona haya kusema."

Hapo Mzee akanywea kidogo, maana lile lilikuwa lake. Akakaa. Akaniambia, na sasa alikuwa ameshusha sauti, "Vua hizo. Gulshan, njoo usimame hapa." Nikazifungua khanga nikabaki na taiti, nimeegemea gongo. Akatazama magoti yangu kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Lahaula," alisema. "Matege! Gulshan, tazama matege haya. Na mimi nikamlazia ndani!"

Akalivuta boksi, akatoa bisibisi, akalegeza skrubu za baindingi ya nyuma ya ubao wangu uliokuwa pale gerejini, akaitoa kabari, akaigeuza ilale nje kidogo, akakaza. Kisigino akakiacha vile vile, hakikuwa na kosa. Sikuweza kuupandia ubao siku ile, lakini nilisimama pembeni nikaitazama saa ya ukutani. Hazikufika hata tano. Zilikuwa dakika nne.

Kazi niliipata mwaka uliofuata, hospitali nyingine. Mwaka mzima wa mashati katikati hapo, na goti ambalo mpaka leo baridi ikiingia linanisema. Mzee alirudi kwenye meza yake ya ufundi na tukachonga pamoja majira mengine manane, mpaka alipotangulia mbele za haki. Nilimwambia kila kitu tangu siku ile. Kidole kikifa ganzi nasema, kiatu kikibana nasema, hata asipotaka kusikia. Lakini lipo jambo moja ambalo sikuliponya. Kwenye kile kiti cha kupanda mlimani, miaka yote minane, hakuniuliza tena. Wenzangu tuliopanda nao aliwauliza, "Goti?" Mimi alikuwa ananitazama usoni, kisha anatazama goti, kisha anatazama mbele. Hakunitenga, alinipenda mpaka mwisho, ila neno langu kwenye jambo lile halikuwa na kazi kwake tena. Hilo liliniuma kuliko kano.

Sasa anayepiga magoti na bisibisi ni mimi, kwenye chumba cha chini hapa Brampton, na mnaokuja ni nyinyi, na mnanichosha! Namuuliza kijana linavutwa, ananijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa, na meno ameyauma. Namuuliza binti kisigino kinainuka, anasema "Hapana Shangazi" na mimi naona kinainuka. Mmezaliwa huku, Kiswahili mnakijibu kwa mabega, shikamoo naivuta kwenu kama jino. Lakini kuficha maumivu mbele ya mkubwa, hilo mmelirithi lote bila kupungua. Jamani! Katika vyote vya nyumbani, hiki ndicho mlichobeba?

Basi sikia, mwanangu, na nikisema mara moja nisirudie. Ukija kwangu njoo na nguo itakayoonyesha goti, na kama unaona haya niambie, nitamwita mtu wa kukutazama. Tutaanza bila kabari yoyote, unasimama kwenye zulia na viatu vyako, unakunja magoti, unanisimulia kila kinachovutwa. Tunabadili kitu kimoja, mguu mmoja, tunaandika. Ukienda mlimani ukiumia kona ya kwanza, simama kwenye kona ya kwanza, usingoje Jumamosi ya sita. Na mimi nikiwa nimekosea, niambie nimekosea. Nitanuna, nakufahamisha mapema, nina hasira za karibu. Nitanuna kisha nitachukua bisibisi. Mkubwa anayekuuliza unaumia wapi amekwisha kukuheshimu, naye anangoja umrudishie heshima hiyo kwa jibu la kweli. Uongo mtamu unamwacha akikuumiza na hajui, na siku akijua, hutaweza kumrudishia zile wiki, wala hutalirudisha neno lako kwake.

Hayo ndiyo niliyonayo. Mungu akupe magoti ya kukufikisha uzeeni na mdomo wa kuyasemea, akupe mlima mzuri na theluji isiyo na barafu, na yeyote atakayekuuliza hali yako maishani, akipata jibu lako, asiwe na haja ya kukutazama usoni kulihakikisha.